Kaunti Niliyotumwa Kuiangalia

Kwetu, kabla ya kupokea mahari ya binti, hutumwa mtu. Huwa ni mzee mwenye macho. Anakwenda kule kwa wakwe bila kutangaza, anaomba maji ya kunywa, anaketi, anaangalia. Maji yameletwa na nani, kwa kikombe gani, kwa uso gani. Akirudi anasema yote aliyoyaona, mazuri na mabaya, na wenye mtoto ndio wanaoamua. Yeye haamui. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi, Kongo kabla ya vita na hata huku Stockholm. Watu wamenituma Rinkeby, wamenituma Vårby gård, niangalie ukoo wa kijana fulani, na sikuwahi kulaumiwa. Nililaumiwa mara moja tu, na aliyenituma siku hiyo alikuwa bibi yangu, mke wangu wa ndoa. Ndiyo habari ninayoandika hapa. Binti yangu amesema atanisahihishia herufi, kwa sababu mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini nimemwambia maneno asiyaguse.

Mwaka ule nyumba za Amerika zilikuwa zimeanguka bei mpaka televisheni ya Uswidi ikawa inaonyesha vibao vya kuuzia vimesimikwa kwenye majani, safu nzima ya mtaa. Mwaka huo huo bibi yangu akashinda bahati nasibu ya viza ya Amerika. Alikuwa akiijaza kila mwaka na mimi nilikuwa nikimcheka. Barua ikaja kweli. Yeye ana diploma ya sekondari, kwetu alifundisha watoto, kwa hiyo masharti aliyatimiza. Mimi wa darasa la nne ningeingia mgongoni mwake, kama mume. Nalisema wazi kwa sababu liliniuma, na maumivu yale yana sehemu yake katika mambo yaliyofuata.

Viza hiyo ina mwisho wake. Usipokamilisha kabla mwezi wa tisa haujaisha, imekwenda, na hakuna wa kumlilia.

Alichokitaka Amerika si dola. Alikuwa na mdogo wake wa kike kule. Kwao walizaliwa saba, vita vikabakiza hao wawili, mmoja akachukuliwa kutoka kambini Tanzania akapelekwa Iowa, katikati kabisa ya Amerika, sisi tukaletwa Uswidi. Walikuwa wanaongea kwa simu kila Jumamosi. Bibi yangu anapika cha mchana, simu ameibana kwa bega, mdogo mtu huko ndiyo kwanza kunakucha, naye yuko jikoni kwake. Mara nyingine hawasemi kitu. Unasikia visu viwili tu, kimoja huku, kimoja ng'ambo, vinakata vitunguu.

Basi akaniambia, "Baba, wewe ndiye watu wanakutumaga. Nenda utuangalilie. Angalia nyumba, angalia majirani, angalia kama mtu wa umri wetu anaweza kuzeekea pale."

"Na nikikuta pabaya?"

"Utasema pabaya, na mimi nitabaki. Lakini uniambie yote."

Hapo inabidi nieleze mambo ya nyumba za Stockholm, maana asiyeishi huku hataielewa hofu yangu. Huku nyumba ya kupanga unaingojea kwenye foleni, na foleni yenyewe ni ya miaka, si ya miguu. Sisi kabla ya kupata yetu tulikaa kwenye nyumba za watu, chumba cha huyu, sebule ya yule, tukahama mara tisa. Binti yangu akafikia kusema hataki kufungua begi lake. Halafu tukapata mtaa wa Rågsved, vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu, kontrakti ya mkono wa kwanza, yaani mkataba na mwenye jengo mwenyewe, kwa jina langu. Kwa jina langu mimi. Ukiirudisha kontrakti hiyo umerudi mwisho wa foleni, nyuma ya watoto waliomaliza shule juzi.

Na Rågsved nilikuwa mtu. Kushuka kwenye treni mpaka mlangoni kwangu ningesalimiwa na watu kumi, Wakongomani, Watanzania, Warundi, hata Wasomali wa dukani. Ndoa ikigombana, naitwa. Mtu akifa, naulizwa.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha ngazi za majengo. Miaka kumi na sita nimezisugua ngazi za Stockholm, na naweza kukwambia bila kujisifu kwamba ukinipa ngazi nitakwambia nyumba. Changarawe inayomwagwa juu ya barafu watu wasiteleze, imekwanguliwa vizuri mlangoni au imeachwa. Vigari vya watoto vimepangwa au vimezuia njia. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa, na pale kuna karatasi za ugomvi zimebandikwa, nani kaacha manyoya ya nguo kwenye mashine ya kukaushia, nani kaiba zamu ya kufua ya mwenzake. Zikizidi tatu, usihamie jengo hilo. Wakubwa wa nyumba wana makaratasi yao ya kupima, mimi nilikuwa na ndoo.

Nikaenda mwezi wa tano, wiki tatu. Aliyekuja kunipokea ni mwanyumba wangu, yaani mume wa huyo mdogo mtu. Tumeoa nyumba moja, ndiyo maana tunaitana hivyo. Ni mtu wa mdomo. Gari lake kubwa kama chumba.

"Karibu, Mswidi," akasema. "Umetuletea baridi yako?"

"Nimesikia mnayo ya kwenu."

"Na huko kwenu unaendesha nini?"

"Treni."

"Wewe unaendesha treni?"

"Ninaendeshwa."

Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kumbe ile ndiyo ikawa hadithi yangu kaunti nzima. Kaunti ni kama wilaya, ila hii ilikuwa mahindi tupu, wakati huo ndiyo kwanza yanachomoza, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na katikati mji mmoja mdogo wenye kiwanda cha nyama. Jumapili kanisani mwanyumba akanisimamisha mbele ya watu wetu, wako wengi kule, akasema, "Huyu ni kaka yenu kutoka Ulaya, naye anaendeshwa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Wiki tatu nilikaa kiti cha kando, mikono magotini. Nikitaka sigara, niombe nipelekwe. Nikitaka kurudi, nimsubiri mwenye ufunguo. Nilikuwa na miaka hamsini na minane.

Nikaanza kazi niliyotumwa. Tatizo likawa ngazi hazipo. Kila mtu na nyumba yake, na majani yake, na mlango wake. Hakuna ubao wa majina ya wapangaji mlangoni. Hakuna chumba cha kufulia cha kugombania, kila nyumba ina mashine yake mwenyewe. Nikawa kama fundi aliyesahau vifaa. Basi nikarudi kwenye njia ya zamani, nikatoka mchana kwa miguu kwenda kuomba maji.

Mlango wa kwanza alitoka mzee wa Kizungu na mbwa. Kiingereza changu ni cha kuokota, lakini nilimwelewa. Aliniuliza gari langu limeharibikia wapi. Nikasema sina gari. Akatazama barabara kushoto na kulia, akatazama viatu vyangu, akasema pole. Mlango wa pili alikuwa mama mtu mzima. Alileta maji mwenyewe, ya baridi, akanipa kwa mkono wake, akanivutia kiti kibarazani, akauliza kama nataka kumpigia mtu simu. Tulikaa pale bila lugha robo saa nzima. Kwa kipimo chetu mama yule alifaulu, binti unampa na baraka juu. Neno hilo nalisema leo. Wakati ule sikulisema.

Shemeji yangu, mdogo wa bibi yangu, alinitembeza nyumba zilizokuwa zinauzwa. Nyingi benki ilikuwa imezichukua kwa waliokuwa nazo. Ni kubwa, zina chumba chini ya ardhi cha kukimbilia kimbunga, na kwa bei ambayo Stockholm hununui hata chumba cha kuegeshea gari. Katika moja nikaona kwenye fremu ya mlango mistari ya penseli, ile ya kupima watoto wanavyorefuka. Mstari wa juu kabisa ulikuwa na tarehe ya mwaka uliotangulia. Nikasimama pale. Niliwaza, nyumba rahisi ni nyumba iliyomliza mtu. Wazo hilo lilinipendeza. Nilikuwa nikitafuta mawazo ya namna hiyo, sasa ninajua.

Nikauliza hospitali, nikaambiwa bila bima usiugue. Nikauliza kazi, mwanyumba akanionyesha vidole vyake asubuhi, havikunji mpaka avitie kwenye maji ya moto, kwa sababu ya baridi ya kiwandani na kisu. Habari za basi la abiria sikuuliza. Nilitazama barabarani nikaona hakuna kituo, nikajua hakuna.

Siku mbili kabla ya kuondoka, shemeji akanishika mkono akanivusha majani mpaka nyumba ya jirani yake. Ilikuwa tupu. Ndogo, ya mbao, chini kwa chini, hakuna hata ngazi moja ya kupanda, na bibi yangu magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Akanisimamisha jikoni.

"Shemeji, unaona nini pale?"

"Dirisha."

"Ni la jikoni kwangu." Akanigeukia. "Mwambie yaya kwa maneno yangu haya haya." Yaya, kwetu Kongo, ni dada mkubwa. "Mwambie dirisha lake litaangalia langu. Nimeomba benki, wamekubali kuningojea mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Mimi kwenye simu sitalitaja. Akisema hapana si vibaya, ila aniambie."

Msomaji atauliza kwa nini hakupiga simu akamwambia dada yake mwenyewe. Kwetu mdogo hamwiti mkubwa kuja kuishi mahali. Ni kama kumwamuru, au kumwambia mimi sasa nimekupita, njoo nikutunze. Neno la namna hiyo linapita kwa mjumbe, na mpaka mjumbe arudi na jibu, mwenyewe hulitaji. Mjumbe nilikuwa mimi. Nikamwambia, "Nimesikia."

Nikarudi Stockholm. Bibi yangu alikuwa ametafuta sombe, majani ya muhogo, dukani Rinkeby, akasonga bugali, akaniacha nile nishibe kwanza, kama inavyofanywa. Binti yetu alikuwepo, bado anakaa nyumbani siku hizo. Sahani zikaondolewa. Bibi yangu akafuta meza, akaketi, akasema, "Sema, Baba."

Nikasema. Nikasema hakuna basi, hakuna treni, bila gari mtu mzima ni mtoto. Nikasema kiwanda kinakula vidole. Nikasema hospitali ni ya mwenye bima. Nikasema vimbunga mpaka watu wanachimba mashimo ya kujificha. Nikasema nyumba ni rahisi kwa sababu wenyewe wamefukuzwa, nikaieleza ile mistari ya penseli, nikaieleza vizuri sana, mpaka binti yangu akageuza uso. Hakuna neno moja la uongo katika yote niliyosema. Nilichagua tu.

Binti akaniuliza, kwa Kiswidi kama kawaida ya watoto waliokulia huku, kwamba Baba, hakuna hata kizuri kimoja huko?

"Watu ni wapole," nikasema.

Bibi yangu alikuwa anatazama mikono yake. Akauliza, "Na mdogo wangu alisema nini?"

Nikamwambia, "Anakusalimu."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema basi, kama ni hivyo tutabaki, nimekutuma na umeona. Hakubishana. Angebishana labda ningetapika yote. Mimi nilitegemea abishane, nadhani, lakini yeye aliniamini kama watu wengine wote walivyokuwa wakiniamini. Jumamosi akampigia mdogo wake akamwambia, "Baba ameona hapafai kwa umri wetu." Nilikuwa sebuleni. Sikusikia upande wa pili, nilisikia bibi yangu tu anasema, "Eh. Eh. Haya basi." Baadaye akaniambia mdogo wake amejibu, "Sawa, yaya," na kwamba sauti yake ilikuwa ya mtu aliye na haraka.

Yule kule alielewa kwamba neno lake la dirisha limefika, limesikilizwa, na dada yake ameliona halistahili hata jibu. Huyu huku hakujua kuna neno. Mwezi wa sita ukapita. Mwezi wa tisa ukapita na viza ikaenda. Zile simu za Jumamosi zikawa fupi, kisha za kila mwezi, kisha Krismasi na Pasaka. Bibi yangu alikuwa akisema, "Mdogo wangu amekuwa Mmarekani." Akisema kwa masihara mbele ya watu, na watu wanacheka. Nami nilikuwa nimeketi pale pale na soda yangu.

Utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Kila mwezi uliopita uliongeza uzito. Mwanzoni ningesema nilisahau. Baada ya mwaka huwezi kusema ulisahau.

Binti yetu akaolewa, miaka minne hivi baadaye. Shemeji yangu hakuja. Alisema kazini wamemkatalia ruhusa. Alikuja mwanyumba peke yake na zawadi za wote wawili. Asubuhi baada ya harusi tulikuwa jikoni watatu, bibi yangu anaosha, mimi nafuta glasi, mwanyumba anakunywa chai.

"Yaya," akasema, "mimi ni wa kuoa tu, nisamehe. Lakini ile nyumba ungemkatalia kwa mdomo wako. Mke wangu alilingojea jibu mpaka benki ikampigia kelele."

"Nyumba gani?"

Mwanyumba akaweka kikombe mezani. Akanitazama mimi. Bibi yangu hakunitazama. Alisuuza sahani aliyokuwa nayo, akaiweka, akachukua nyingine.

"Nyumba gani, shemeji?"

Akamwambia. Ya jirani, ndogo, isiyo na ngazi. Akamwambia dirisha.

"La jikoni?"

"La jikoni."

"Linaangalia wapi?"

"Kwetu, jikoni. Ukikaa mezani unaona mtu anapika."

Bibi yangu akaosha sahani zote mpaka zikaisha, na harusi ina sahani nyingi. Mimi nilifuta glasi zile zile. Hakuna aliyepandisha sauti. Mwanyumba alipotoka kwenda kuvuta hewa alinipita mlangoni akasema chini chini, "Mswidi, na mimi nilikuwa ninakusifu kwa watu."

Mwaka huo bibi yangu akaomba likizo kwenye kazi yake ya kutunza wazee, akajilipia tiketi, akaenda Iowa. Alikaa karibu miezi mitatu, mpaka siku zake za kuruhusiwa zikamalizika. Alikuwa akimpigia binti, si mimi. Nilikuwa napata habari kwa binti: wamelia siku mbili, wamekwenda kununua vitenge, wamegombana kwa ajili ya chumvi.

Aliporudi nilikuwa nimepika. Akala, akashukuru. Akafuta meza.

"Sasa keti, Baba, nikupe taarifa ya ile kaunti."

Akanipa. Hakuacha kitu. Alisema baridi ya kule ina upepo, ni mbaya kuliko ya kwetu. Alisema kiwanda ni kibaya kama nilivyosema na mwanyumba ameshakiacha. Alisema kina mama wazee, weupe kwa weusi, majira ya baridi wanakutana asubuhi kwenye ukumbi wa maduka wanatembea kwa mizunguko, kisha wanakunywa kahawa, naye alitembea nao. Alisema wanatafuta watu wa kazi kama yake kila siku. Kisha akasema kuna basi dogo la wazee la kaunti. Unapiga simu siku moja kabla, linakuja mpaka mlangoni kwako, dereva anashuka kukushika mkono.

"Wakati ule lilikuwepo?" nikauliza.

"Lilikuwepo. Nimemuuliza dereva." Akanitazama sasa. "Wewe uliuliza?"

"Niliangalia barabarani, sikuona kituo."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

Akakusanya makombo ya meza kwenye kiganja. "Ile nyumba ina watu," akasema. "Si watu wabaya. Ila wameweka pazia zito, na mdogo wangu ameihamisha meza yake ukuta wa pili."

Akainuka akaenda kutupa makombo. Nilifikiri atarudi kuketi, nilikuwa nimeandaa la kusema, refu, lenye foleni ya nyumba ndani yake na kiti cha kando cha gari na darasa la nne. Hakurudi. Alikwenda chumba kilichokuwa cha binti yetu, akatoa shuka zake kwenye mfuko, akatandika kule, na ndiko anakolala mpaka leo.

Hatujaachana. Watu hawajui, ila sasa watajua. Kontrakti bado ina jina langu. Jumamosi wanaongea tena, saa nzima, saa mbili. Siku hizi anafunga mlango wa jikoni, na mimi nikitaka chai nasubiri mpaka wamalize.